Tumbako ya Gofuni

Hakuna mtu mjini Amu aliyemshinda Bi Ruqaiya kwa maneno, na waliojaribu mara moja hawakurudi kujaribu tena. Ni mwanamke mfupi, mnene wa kadiri, mwenye mwendo wa mtu anayejua aendako hata akiwa anakwenda kuchota maji tu. Mumewe alifariki watoto wakiwa wadogo, akamwachia nyumba ya mawe yenye paa linalovuja, na ubavuni mwake gofu: kuta nne za matumbawe, vidaka vimeliwa na mvua, juu wazi mpaka mbinguni. Wenye akili zao walimshauri auze. Bi Ruqaiya alikaa eda yake mpaka ikaisha, akaoga, akavaa, akaanza kufunga tambuu.

Tambuu ni kitu chepesi kukieleza na kigumu kukipatia. Jani la tambuu, chokaa kidogo juu yake, popoo iliyokatwa, katu, iliki kwa mwenye kupenda, kisha tumbako. Unakunja, unatia shavuni, unanyamaza. Ukimuuliza Bi Ruqaiya atakwambia kwamba vyote hivyo vinanunulika isipokuwa tumbako. Ya dukani, asema, hujui imevunwa na nani, imelala ghala gani, na imekojolewa na paka gani. Ya kwake huipanda mwenyewe ndani ya gofu, ambako kuta zinazuia upepo wa chumvi usichome majani, na mbegu ni ile ile aliyoirithi kwa mamake. Hupanda masika yakianza, huvuna mvua zikisha. Wavuvi wa Kiwayu wakija mjini hawarudi kwao kabla ya kupita barazani kwake.

Mwaka huu Razan, kitinda mimba wake, aliposwa. Mchumba ni Yassir, kijana anayeendesha boti ya hoteli kule Ras Kitau, mpole, asiye na makuu. Makuu yalikuwa kwa mamake, Bi Khairiya. Bi Khairiya anakula tambuu tangu ujana wake, na ulimi wake hutambua popoo iliyokatwa leo na iliyolala. Tambuu isipompendeza hasemi neno. Huitema taratibu, akafuta mdomo, akaaga. Wapo wanawake Amu ambao wangechagua kutukanwa kuliko kuagwa hivyo na Bi Khairiya.

Basi siku ya posa, ukumbi umejaa wakwe, Bi Ruqaiya alisimama na sinia mkononi akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Siku ya kumtoleza nde mwanangu, hakuna tumbako ya duka itakayoingia kwenye sinia. Mtakula tumbako ya gofuni, ya mkono wangu mimi."

Kumtoleza nje bibi arusi ni ile siku anapokalishwa kitini amepambwa, wanawake wa mji wamjie kumtazama. Hakuna jicho linalokosa siku hiyo. Vigelegele vilipigwa, Bi Khairiya akatikisa kichwa kukubali, na ahadi ikawa imetoka.

Watu walidhani anajigamba, na kweli alikuwa anajigamba, lakini chini ya majigambo mlikuwa na jambo. Dhahabu zake zote zilikwishageuka boriti za paa na karo za shule. Hakuwa na kidani cha kumvika Razan, wala kitanda cha kumjazia chumba. Karibu kila kitu cha arusi kilikuwa kinatoka upande wa mume. Kilichokuwa chake mwenyewe, ambacho hakuna ndugu wala jirani aliyemsaidia kukipata, ni tambuu. Alitaka mwanawe atoke nyumbani na kitu cha mkono wa mamake, mbele ya wanawake wote. Akikikosa hicho, alijiona atakuwa amemtoa mwanawe mikono mitupu.

Sasa, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Bi Ruqaiya alisifiwa mno siku ile. Desturi aliyoachiwa na mamake ni kuipa tumbako jivu la makumbi ya nazi, konzi moja kwa kila shina, ili jani lipate ukali. Mwaka huu mtaa mzima ulikuwa unaoka na kukaanga kwa ajili ya arusi, makumbi yakiwaka kila jiko, naye akaagiza majirani wasitupe jivu hata chembe. Aliletewa kwa makarai, akamwaga kwa ndoo. Kila akimwaga alikuwa akijiambia kwamba mwaka huu si miaka mingine. Na mvua nayo haikuwa ya miaka mingine. Ilinyesha mpaka mchanga wa gofuni ukawa unatoa maji kwa kukanyagwa tu.

Majani ya chini yakaanza kugeuka manjano mapema.

Kila mpanda tumbako anajua kwamba kuiva huanzia chini. Jani la chini ndilo kubwa kwa umri, kwa hiyo ndilo la kwanza kupoteza ukijani wake, kisha la juu yake, kisha la juu tena, mpaka kileleni. Bi Ruqaiya alipoyaona manjano yale alisema alhamdulillahi. Tumbako iliyovunwa hutaka wiki nyingi kukauka kivulini na kutulia, na yeye alikuwa anahesabu kimoyomoyo kama wakati utatosha. Kumbe mambo yenyewe yamejileta! Akaingia gofuni na Bismillahi, akachuma yote yaliyogeuka, akayatunga kwenye kamba chini ya makuti ya jiko la juu.

Yalikauka upesi kuliko kawaida. Hilo lilimpendeza pia. Mtu mwenye haraka hupendezwa na mambo ya ajabu. Miaka mingine jani hugeuka rangi polepole mpaka likawa kama tende, na harufu yake hukaa kwenye nguo wiki nzima. Haya yalipauka tu. Alipolibana moja kiganjani likavunjikavunjika likawa unga, na harufu ilikuwa ya nyasi kavu. Akajiambia kwamba harufu itakuja. Akafunga tambuu, akatia shavuni, akakaa barazani kungoja ule moto unaopanda mpaka masikioni.

Moto haukupanda. Ilikuwa kama kutafuna mkeka.

Bi Ruqaiya hakusema neno tangu alasiri mpaka magharibi. Razan alimshika paji la uso kuona kama ana homa.

Juu ya nyumba ile kuna chumba, na chumba hicho amepanga Nerea, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa bara, kwao Migori. Ni mpangaji mzuri: hapigi kelele, hafungulii redio wakati wa adhana, na akipika samaki humletea mwenye nyumba kipande. Jambo moja tu lilimshangaza Bi Ruqaiya. Tangu ahamie, Nerea akipita mlango wa gofu alikuwa akigeuza uso upande wa pili. Bi Ruqaiya alihukumu kwamba ni kanisa lake linamkataza, akamheshimu kwa hilo, na hakuuliza.

Haikuwa kanisa. Kwao walilima tumbako ya kuuzia kampuni. Nerea alikulia ndani yake; alichuma majani alfajiri yakiwa na umande, maji ya majani yakimwingia mwilini mpaka akatapika njiani kwenda shule. Alipopata kazi ya ualimu aliapa kwamba hatakaribia mmea ule maisha yake yote. Kisha serikali ikampeleka Amu, na Amu ikampangishia chumba juu ya gofu la Bi Ruqaiya. Mungu naye ana mizaha yake.

Jumapili iliyofuata Nerea alirudi kutoka kanisani akamkuta mwenye nyumba amekaa juu ya jiwe gofuni, peke yake, mikono magotini. Alipoondoka asubuhi alimwacha pale pale.

"Mama Razan, umeshinda hapa. Kuna nini?"

"Tumbako imewiva kabla ya wakati wake," alisema Bi Ruqaiya bila kugeuka. "Na imewiva haina kitu ndani. Siyui nimekosa nini."

Nerea alisimama mlangoni. Alimtazama yule mwanamke, ambaye hakuwahi kumsikia akisema hajui kitu, akamwonea huruma. Akavua viatu vyake vya kanisani, akaingia. Alichutama kwenye shina la kwanza, akaliinua jani kwa kidole kimoja, akalipeleka juani.

"Hii haijaiva, Mama Razan. Hii ina njaa."

"Ndaa!" Bi Ruqaiya alisimama wima. "Ndaa gani, mwalimu? Tumbako hii nimeilisha kuliko nlivowalisha wanangu!"

"Umeilisha nini?"

"Ivu. Ivu la makumbi, safi, nimelitekeza mwenyewe."

"Angalia mishipa," alisema Nerea.

Bi Ruqaiya akaangalia. Nyama ya jani ilikuwa manjano, lakini mishipa yote, ule mkubwa wa katikati na midogo inayotoka ubavuni, ilikuwa imebaki kijani kibichi. Unaweza kuihesabu kama miiba ya samaki.

"Jani likiiva, mishipa nayo inabadilika," alisema Nerea. "Inakuwa myeupe. Hapa mishipa imeng'ang'ania kijani na jani limekonda. Sisi tulikuwa na shamba kando ya mto, mchanga mtupu. Mvua ikizidi, inaosha chakula cha kutia jani rangi, kinateremka chini mizizi isikofika. Basi mmea unanyang'anya majani ya chini uyape ya juu. Na jivu likizidi ndio mbaya kabisa. Mmea unajaa jivu, hata kile kidogo kilichobaki hauwezi kukichukua. Baba alikuwa anatukataza."

Hapo damu ikampanda Bi Ruqaiya. "Ivu ni la mamangu. Mamangu alitia ivu maisha yake yote, na tumbako yake iliwatoa watu jasho."

"Mama yako alitia kiasi gani?"

"Konzi moya kila shina."

"Na wewe mwaka huu?"

Bi Ruqaiya alitazama ndoo iliyokuwa imeegemea ukuta, bado nyeupe kwa vumbi la jivu. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na Nerea, ambaye hakuwa na hakika kama anaruhusiwa, akacheka pia.

Bi Ruqaiya hakuhitaji kuambiwa mara ya pili. Yote yaliyobaki aliyajua mwenyewe, aliyajua tangu utotoni, ila hakuwa ameyauliza majani mwaka huu. Akaanza kupita shina hadi shina, na safari hii ndiye aliyekuwa anafundisha. Alipitisha kidole gumba juu ya jani: jani lililoiva huacha gundi kidoleni, mpaka vidole vikagandana; haya yalikuwa makavu. Akalibana kati ya vidole viwili: lililoiva ni nene, limevimbavimba kama ngozi ya mtu aliyetoka baharini, na manjano yake huja kwa madoa, hapa na pale, kuanzia ncha na kingo. Haya yalikuwa mepesi, manjano yake yamejipanga baina ya mishipa. Kisha akalivuta moja chini. Likapinda, likavutika, likang'oka na uzi wa ganda la shina.

"Ukiona hivo haliyawiva," alimwambia Nerea. "Likiwiva huvunjika tak, halikupi taabu. Mimi hayo nayayua. Siku nlipoyachuma mikono yangu ilikuwa hapa, mato yangu yalikuwa arusini."

"Kwetu dawa yake ilikuwa haluli," alisema Nerea, na uso wake ukabadilika kwa kumbukumbu. "Ile chumvi ya tumbo. Ndani yake mna kile chakula mvua inachokiosha. Baba alikuwa ananituma dukani kununua nyingi, mwenye duka anauliza kwa nini nyumba yetu nzima haiendi choo."

Bi Ruqaiya alifika dukani kwa Bakr, muuza dawa za kienyeji na za Kiarabu, kabla ya adhana ya alasiri, akaagiza haluli kwa mfuko.

"Bi Ruqaiya," Bakr alisema kwa adabu, akiinama juu ya mizani, "hii ni ya kuharisha watu wangapi?"

"Ya tumbako."

"Ndiyo, ndiyo," alisema Bakr, kwa sauti ya mtu anayetunza siri ya mteja. Siri yenyewe ilifika Langoni, mtaani kwa Bi Khairiya, kabla ya mteja kufika nyumbani kwake. Magharibi haijaingia, mjumbe wa Bi Khairiya akabisha hodi na kapu la mapapai mabivu, na salamu kwamba wasiwe na wasiwasi, arusi huwafunga watu matumbo, na bibi arusi ale asubuhi kabla ya kitu chochote. Razan alilia kwa aibu chumbani. Bi Ruqaiya alikula papai, akasema ni tamu, akarudisha kapu na shukrani.

Walikoroga haluli kidogo tu kwenye ndoo ya maji, maana Bi Ruqaiya alikuwa amekwisha kuonja matunda ya mkono mzito. Jua likilainika jioni, yeye na Nerea walinyunyiza majani kwa fagio la makuti na kumwagia mashina, wakipapasa jani moja moja na kubishana lipi linaiva na lipi lina njaa. Jivu likapigwa marufuku. Razan alikuwa akija kuwaita kula, akisimama mlangoni na leso puani; tangu utotoni hakuipenda harufu ya mle ndani, na mamake hakumshurutisha. Baada ya muda majani ya kati yakaanza kurudi rangi, na ya juu yakafunguka mapana, kijani cha kupendeza macho. Ya chini hayakurudi. Yaliyokwisha kunyang'anywa yalikwisha.

Nerea alifurahi sana. Bi Ruqaiya alifurahi pia, kisha akakaa chini akafikiri, na furaha ikampungua. Kijani kile maana yake ni moja: tumbako ilikuwa inapona, na kitu kinachopona hakina haraka. Arusi ingeingia na majani bado yako shinani.

Razan alilijua hilo kabla ya kuambiwa. Alikuja akakaa miguuni kwa mamake, kichwa akamwekea gotini, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo.

"Mama, plizi. Tununue ya Mombasa. Tuchanganye na ile uloikausha, tuipige iliki na karafuu. Nani atajua?"

"Na ulimi wa Bi Khairiya tutauficha wapi?"

"Hatasema kitu. Ni mkwe sasa."

"Ndiyo maana," alisema Bi Ruqaiya.

"Watasema mamake Razan alijigamba akashindwa. Watanicheka mimi, Mama, si wewe. Mimi ndiye nitakayekaa pale kitini, siwezi hata kuinua macho."

Neno lile lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Usingizi ulimpaa. Asubuhi alipanda jiko la juu, akasimama mbele ya zile kamba za majani yaliyopauka. Yalikuwa mengi, yangejaza masinia yote. Ukiyachanganya na ya dukani, ukayafunika kwa viungo, wengi wangetafuna wakasifu. Alijaribu kujiona akipokea sifa hizo mbele ya Razan, akashindwa. Akayashusha yote akayatia jikoni, akapikia chai. Jivu lake akalipeleka jaani, mbali na gofu.

Siku ya kumtoleza nje bibi arusi ikafika. Udi ulifukizwa mpaka ngazini, marashi yakanyunyizwa, wanawake wakajaa ukumbi hadi kwenye vizingiti. Razan alikalishwa kitini, hina imempanda mpaka kwenye viwiko, macho chini, hatikisiki. Masinia ya tambuu yakaletwa, yamepangwa vizuri kuliko siku yoyote, na kabla mkono wa kwanza haujanyooshwa, Bi Ruqaiya akasimama mbele ya watu.

"Wakwe zangu na majirani," alisema. "Nliwaahidi tumbako ya gofuni. Haiyawiva. Nliidhania imewiva, nkaichuma, kumbe ilikuwa na ndaa. Nkaila mwenyewe, ikawa mkeka mtupu. Ningaliweza kuwatilia ya duka, mkala, mkanisifu kwa kitu kisicho changu. Sikutaka mwanangu atoke kwa urongo. Tambuu hizi hazina tumbako. Anaoitaka tumbako yangu, na angoje iwive. Mlango wa gofu u wazi."

Nyuma kule mtu alicheka puani. Razan hakuinua uso, maana bibi arusi hainui, lakini mamake aliona chozi limekaa kwenye wanja wake, halijaanguka, na kwa mara ya kwanza tangu ayachome yale majani alijuta. Alijuta kwa nguvu. Alitaka kumfunika mwanawe kwa buibui lake amtoe pale.

Bi Khairiya alinyoosha mkono, akachukua tambuu, akaitia shavuni. Wanawake wote walimtazama. Alitafuna kwa utulivu wake ule ule, na ukumbi ukamngoja.

"Chokaa iko sawa," alisema mwishowe. Akatafuna tena. "Popoo ni ya yeo." Kisha akamgeukia Bi Ruqaiya. "Bi Ruqaiya, mimi nimekula tambuu za arusi za mji huu zote. Kila nyumba huniambia tumbako ni ya nyumbani. Yeo ndiyo mara ya kwanda kuamini. Iwive taratibu. Mimi si mgeni tena, tangoja."

Akameza. Kigelegele cha kwanza alikipiga mwenyewe, na baada ya hapo nani angebaki nyuma?

Arusi ikaisha, Razan akahamia kwa mumewe, na nyumba ikawa kubwa. Bi Ruqaiya alipita gofuni kila siku, akipapasa majani, akirudi mikono mitupu. Usiseme hakuwa na huzuni. Watu walimsifu kwa ukweli wake, naye alizipokea sifa, lakini ukweli si tumbako. Mwanawe alikuwa ametoka, na sinia lililomtoa lilikuwa na pengo. Zaidi ya hapo kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia hata Nerea. Alikuwa amekwisha kukubali moyoni kwamba siku atakayokufa yeye, mbegu ya mamake itakufa chupani, kwa sababu hakuna mtoto wake aliyewahi kuipenda.

Mvua zilikatika. Jua likashika. Siku moja alipitisha kidole kwenye jani la kati, kidole kikaganda. Akatuma mtu kwa Bi Khairiya.

Bi Khairiya alikuja asubuhi, umande umekwisha kukauka, na Razan pamoja naye. Nerea alitazama toka dirishani kwake juu, akapunga mkono, akakataa katakata kushuka kuchuma. Gofu lilikuwa limebadilika: majani yameinamisha ncha chini, mazito, yana madoa ya manjano kama mtu aliyeyarashia zafarani. Bi Ruqaiya alikuwa ameshika kamba na kisu kidogo, tayari kuanza. Razan alimpita. Alikunja mikono ya nguo yake, akaingia katikati ya mashina bila ya leso puani.

Bi Khairiya, ambaye amekula tumbako maisha yake yote na hajawahi kuichuma, alinyoosha kidole kwenye shina la pembeni, ambako jani moja la chini lilikuwa limegeuka manjano tupu, lang'aa kuliko yote.

"Hilo hapo, mwanangu. Lile ndilo lililowiva sana. Anza nalo."

Razan aliinama. Akaliinua jani kwa kidole kimoja akalipeleka juani. Akapitisha kidole gumba juu yake, akalibana kidogo, akaliachia.

"Hili lina ndaa, mama," alimwambia mkwewe. "Tazama mishipa."

Akahamia shina la pili. Akapapasa jani la kati, akaliangalia chini na juu, akalishika penye kikonyo na kulisukuma. Likavunjika tak, akaliweka mkononi mwake wa kushoto, akaenda kwa linalofuata. Hakumuuliza mamake. Hakumtazama hata.

"Subhanallah," alisema Bi Khairiya. "Nani alomfunda?"

Bi Ruqaiya hakujua. Hakuwahi kumfunda. Alikumbuka zile jioni za haluli, Razan amesimama mlangoni akija kuwaita kula, akiwaita mara moja, kisha akibaki pale amenyamaza. Yeye alidhani mwanawe amechoka na harufu. Akakaa juu ya jiwe la ukuta, akalia mbele ya mkwe wake bila kujificha, na Razan akaendelea kuchuma.